Pembetatu moja, majina mawili: pande, pembe na namna ya kuichora

Mwalimu akiandika ubaoni, "Pembetatu yenye pande za sentimita 5, 5 na 7 ni ya aina gani?", darasa linagawanyika. Wa kwanza atasema ni pembetatu pacha, kwa kuwa pande mbili zinalingana. Wa pili, ambaye ameshaichora, atasema ni pembetatu mraba, maana protrakta yake imesoma nyuzi 90. Wa tatu hakushika rula wala penseli. Amepiga hesabu ya mstari mmoja, naye anasema ni ya pembekali. Wawili kati yao wako sahihi kwa pamoja. Aliyekosea ndiye aliyepima.

Mkanganyiko huu unatokana na mazoea ya kudhani kwamba kila umbo lina jina moja tu. Pembetatu huulizwa maswali mawili, na kila swali lina majibu yake matatu. Swali la kwanza linahusu pande: je, zote tatu zinalingana (pembetatu sawa), mbili zinalingana (pembetatu pacha), au zote zinatofautiana? La pili linahusu pembe kubwa kuliko zote: je, iko chini ya nyuzi 90 (pembekali), ni nyuzi 90 kamili (pembe mraba), au imezidi 90 (pembebutu)? Jibu la swali moja halifuti jibu la jingine. Euclid, aliyefundisha Alexandria huko Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyatenga maswali haya mapema kabisa katika kitabu chake cha Elements: fasili ya 20 inazigawa pembetatu kwa pande, ya 21 inazigawa kwa pembe. Vitabu vingi vya shule vinazipanga aina zote sita katika orodha moja ndefu, na hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuona "pacha" na "mraba" kama majina yanayogombea kiti kimoja.

Afadhali uchore jedwali. Weka safu tatu za pande na mistari mitatu ya pembe, upate vyumba tisa. Sasa jaribu kuchora pembetatu moja kwa kila chumba. Utajaza saba, na viwili vitakushinda: pembetatu sawa yenye pembe mraba, na pembetatu sawa yenye pembebutu. Sababu yake ni fupi. Pande zikilingana zote, na pembe zinalingana zote, na kwa kuwa jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180, kila moja inapata 60. Haina pa kwenda. Pembetatu sawa ni ya pembekali siku zote, na hilo halihitaji kutajwa kwenye jina lake.

Nyongeza kidogo kwa wanaopenda ubishi: hayo ni kweli juu ya karatasi bapa. Juu ya tufe mambo ni mengine. Simama kwenye ikweta karibu na Nanyuki, Kenya, nenda kaskazini moja kwa moja hadi ncha ya dunia, pinda nyuzi 90, shuka hadi ikweta kwenye eneo la visiwa vya Indonesia, kisha rudi Nanyuki ukiifuata ikweta. Umechora pembetatu ambayo pande zake zote zinalingana na pembe zake zote tatu ni mraba, jumla nyuzi 270. Chumba kilichokuwa tupu kimepata mpangaji. Lakini daftari lako ni bapa, kwa hiyo turudi huko.

Upande wa pembe kuna mtego mmoja unaonasa wengi. Ukisema "pembetatu ya pembekali", usifikiri inatosha kuiona pembekali moja. Kila pembetatu duniani ina angalau pembekali mbili, hata ile ya pembebutu. Haiwezekani pembe mbili zifike 90 kila moja, kwa sababu zingemaliza nyuzi zote 180 na ya tatu isipate kitu. Basi kinachoipa pembetatu jina ni pembe yake kubwa kuliko zote, si ile iliyotangulia kuonekana. Na hiyo kubwa ni rahisi kuitafuta, kwani daima inaelekeana na upande mrefu kuliko wote. Huna haja ya kupima zote tatu.

Upande wa pande pia kuna jambo ambalo hata walimu hawaafikiani. Je, pembetatu sawa ni pacha vilevile? Kwa Euclid, hapana: pacha ni yenye pande mbili tu zinazolingana. Wanahisabati wengi wa leo wanasema "angalau mbili", kwa hiyo pembetatu sawa inaingia ndani ya pacha kama mraba unavyoingia ndani ya mistatili. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, kwa sababu ya uchumi wa kazi: ukishathibitisha kwamba pembe mbili za kitako cha pembetatu pacha zinalingana, umepata bure habari za pembetatu sawa, huhitaji kuanza upya. Ila kwenye karatasi ya mtihani fuata fasili ya kitabu ulichofundishiwa. Msahihishaji hana muda wa kusikiliza hoja hii.

Turudi kwa yule wa tatu, aliyeshinda bila kuchora. Hesabu yake ni hii: chukua upande mrefu, uzidishe kwa wenyewe. Kisha zidisha kila mmoja wa wale wafupi kwa wenyewe na ujumlishe. Majibu mawili yakilingana, pembetatu ni mraba. Ule mrefu ukipungukiwa, ni ya pembekali. Ukizidi, ni ya pembebutu. Kwa 5, 5 na 7: 7 × 7 ni 49, na 25 + 25 ni 50. Imepungua kwa moja, kwa hiyo ni ya pembekali, na pembe yenyewe ni karibu nyuzi 88.9. Protrakta ya plastiki na penseli isiyochongwa haziwezi kuona tofauti ya nyuzi moja, ndiyo maana yule wa pili alidanganyika.

Maana ya kanuni hiyo unaiona ukiwa na bikari mkononi. Miguu ya bikari haibadiliki urefu. Ukiifungua zaidi, pembe inakua na nafasi kati ya ncha mbili inakua nayo. Kwenye nyuzi 90 nafasi hiyo ina urefu unaotolewa na kanuni ya Pythagoras: katika pembetatu mraba, upande mrefu ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na jumla ya wale wafupi, kila mmoja ukizidishwa kwa wenyewe. Ikiwa fupi kuliko hapo, pembe haijafika 90, na ikiwa ndefu zaidi, imepita. Hakuna la ziada. Tunachokitumia hapa ni kinyume cha kanuni ya Pythagoras: tunaanza na urefu wa pande tukiitafuta pembe, badala ya kuanza na pembe mraba tukitafuta urefu. Euclid aliona kinyume hicho kinahitaji uthibitisho wake chenyewe, akauweka mara tu baada ya kanuni.

Jaribu na 12, 12 na 17. Hapa 17 × 17 ni 289, na 144 + 144 ni 288. Imezidi kwa moja, kwa hiyo ni ya pembebutu, nyuzi 90.2 hivi. Kwa macho, hii na ile ya kwanza zote ni nusu ya mraba uliokatwa mshazari. Kwa hesabu moja iko upande huu wa mpaka na nyingine iko upande ule. Wala hutapata pembetatu pacha yenye pembe mraba ambayo pande zake zote tatu ni namba nzima, hata utafute hadi kesho, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu ya namba nzima kwa namba nzima. Ukitaka kuichora ile kamili, anza na pembe mraba, kisha pima urefu uleule kwenye mikono yote miwili. Upande wa tatu uache ujitafutie urefu wake.

Sasa kuchora. Kazi nzuri ya kuanzia ni kuchora ukiwa umepewa pande tatu, tuseme sentimita 7, 6 na 5. Chonga penseli kwanza. Chora AB yenye sm 7, ukianzia kwenye alama ya sifuri ya rula na si kwenye ukingo wa plastiki. Fungua bikari hadi sm 6, iweke ncha kwenye A na uchore tao juu. Punguza hadi sm 5, weka ncha kwenye B, chora tao lingine. Yanapokatana ndipo C. Unga AC na BC, na usifute matao, kwani ndiyo ushahidi kwamba hukubahatisha. Matao yangekatana pia chini ya mstari, lakini pembetatu ya huko ni hiihii iliyogeuzwa.

Pembe C hapo ni nyuzi 78.5 hivi, yaani pembekali. Acha AB palepale, punguza bikari kwa sentimita moja kila upande, yaani 5 na 4. C inashuka, na pembe yake inafunguka hadi nyuzi 101.5: pembebutu. Punguza tena, 4 na 3. Sasa matao yanagusana juu ya AB yenyewe, na hakuna pembetatu, kuna mstari tu. Fanya 3 na 3, na matao hayakutani kabisa. Sharti linajionyesha bila kuhubiriwa: pande mbili fupi zikijumlishwa lazima ziuzidi ule mrefu. Maswali ya vitabuni wakati mwingine yana vipimo visivyotimiza sharti hili, na mwanafunzi analaumu bikari.

Kati ya C ya kwanza na C ya pili kuna mpaka, nao unachorika. Tafuta katikati ya AB, fungua bikari sm 3.5, chora nusu duara inayoanzia A na kuishia B. Pointi yoyote utakayoichukua juu ya nusu duara hiyo, ukiiunga na A na B, utapata pembe mraba kamili. Jambo hili linahusishwa na Thales wa Mileto, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na kwangu ndilo zuri kuliko yote katika mada hii, kwa kuwa linageuza uainishaji kuwa ramani. C ikikaa nje ya nusu duara, pembe yake ni kali. Ikikaa ndani, ni butu. Maadamu AB ndio upande mrefu, pembe C ndiyo kubwa, kwa hiyo kuangalia tu C iko wapi kunakupa jina la pembetatu nzima. C ya 6 na 5 iko nje, na C ya 5 na 4 iko ndani. Chora zote mbili kwenye ukurasa mmoja na nusu duara ikipita katikati yao, utaelewa kuliko kwa kurasa kumi za maelezo.

Kuna jambo jingine ndani ya zoezi hilo: ukishachagua pande tatu, pembe zimeshachaguliwa, huna tena la kuamua. Mbao tatu zilizopigiliwa pembetatu haziyumbi, ilhali nne zilizopigiliwa mstatili huinama kwa kusukumwa kidogo. Geti la mbao lisilo na ubao wa mshazari huanza kulalia chini baada ya muda.

Vipimo vingine vinavyotosha ni pande mbili na pembe iliyo kati yao, au upande mmoja na pembe mbili za kwenye ncha zake. Hivi havina shida: chora upande, pima pembe kwa protrakta, malizia. Ukipewa pembe tatu peke yake, kwa mfano 40, 60 na 80, aina kwa pembe unaijua, umbo unalijua, ila ukubwa hujui. Unaweza kuchora ya kutosha kwenye kucha au ya kujaza uwanja wa mpira.

Vinavyosumbua kweli ni pande mbili na pembe isiyo kati yao. Chukua pembe A ya nyuzi 40, upande AC wa sm 7, na upande CB wa sm 5. Chora mstari mrefu kutoka A, pima nyuzi 40, weka C kwa umbali wa sm 7 juu ya mkono wa pili. Fungua bikari sm 5, weka ncha kwenye C, chora tao kukata mstari wa chini. Linaukata mara mbili! Mara ya kwanza ni karibu sm 3.2 kutoka A, na hapo pembe B ni nyuzi 116: pembetatu ya pembebutu. Mara ya pili ni karibu sm 7.5 kutoka A. B sasa ni nyuzi 64, C ni 76, A bado ni 40: pembetatu ya pembekali. Vipimo ni vilevile vitatu, na pembetatu mbili zilizotoka hazifanani hata jina. Wanafunzi wengi huchora ya kwanza wanayoiona na kuondoka.

Cheza na bikari hapo. Ukipunguza CB hadi takriban sm 4.5, tao linagusa mstari mahali pamoja tu, na pembetatu ni mraba. Chini ya hapo halifiki. Ukiongeza hadi sm 7 kamili, sehemu moja ya kukatana inaangukia kwenye A yenyewe na kupotea, na inayobaki inakupa pembetatu pacha ya nyuzi 40, 40 na 100. Kwa kufungua na kufunga bikari sehemu moja tu umepita kwenye pembetatu mraba, ya pembekali, ya pembebutu na pacha.

Wanaotumia daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba wana faida na hasara. Pembe mraba zimeshachorwa, kwa hiyo pembetatu mraba na pacha ni kazi ya dakika. Lakini pembetatu sawa yenye kona zake zote tatu kwenye makutano ya mistari haipo. Ukichukua kitako cha vyumba 8 na kimo cha vyumba 7 unaikaribia sana, kwani pande mbili nyingine zinatoka 8.06, na jicho linaridhika. Kamili huwezi kuipata: eneo la pembetatu yenye kona kwenye makutano ni daima namba nzima ya vyumba au namba nzima na nusu, na eneo la pembetatu sawa ya namna hiyo lingedai kipeuo cha pili cha 3, ambacho hakikubali kuwa hivyo. Ukitaka pembetatu sawa, achana na vyumba, fungua bikari kwa urefu wa kitako chenyewe, chora matao mawili.

Na ukishachora, igeuze karatasi. Vitabu huilaza pembetatu juu ya kitako chake, pembe mraba ikiwa chini kushoto, hata mwanafunzi akiikuta imesimama kwa ncha haitambui. Jina haliangalii pembetatu imelala au imesimama.

Mafundi hawayatumii majina haya sana, lakini kazi yao imejaa pembetatu. Kenchi ya nyumba yenye upana wa mita 8 na kimo cha mita 2 ni pembetatu pacha ya pembebutu: kila mbao ya kuinamia ina mita 4.47 hivi bila kuhesabu kinachotokeza nje ya ukuta, na pembe ya juu ni karibu nyuzi 127. Nguzo ya katikati ikisimamishwa, kenchi inagawanyika kuwa pembetatu mraba mbili zenye pande tofauti. Ili pembe ya juu iwe mraba, kimo kingebidi kiwe mita 4, na gharama ya mbao na mabati ingemtoa mwenye nyumba jasho.

Kwenye msingi ndiko kosa dogo linakolipwa ghali. Fundi anapima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, na kusogeza vigingi hadi mshazari usome mita 5. Tuseme tepu imesomwa vibaya na mshazari halisi ni mita 5.05. Pembe imekuwa nyuzi 91.2, butu, ingawa kwa macho ni mraba. Ukuta wa mita 12 ukifuata kamba hiyo, mwisho wake utakuwa umetoka kwenye mstari kwa sentimita 25, na vigae vya sakafu ndivyo vitakavyosema. Kosa lilelile la sentimita 5 likitokea kwenye 6, 8 na 10, upotovu unapungua hadi nusu yake, ndiyo maana inafaa kutumia vipimo vikubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Wengine humalizia kwa kulinganisha mishazari miwili ya chumba. Kipimo hicho ni kizuri, ila kinaaminika tu ikiwa kuta zinazotazamana zimeshalingana, kwa sababu umbo lenye upande mmoja mfupi kuliko wa mbele yake nalo linaweza kuwa na mishazari sawa. Tepu ipite kwanza kwenye kuta zote nne, ndipo ivuke mshazari.